Mkurugenzi wa maabara ya silaha za nyuklia ya Los Alamos: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanamjua Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza kutengeneza bomu la kwanza la nyuklia, na wanaishia hapo. Oppenheimer alikalia kiti cha mkurugenzi wa Los Alamos kwa miaka michache tu, 1943 hadi 1945, wakati wa vita. Waliomfuata ndio waliogeuza kiti hicho kuwa kazi yenye ngazi zake, sheria zake na mitego yake. Majibu haya yanahusu hasa kazi hiyo ilivyo baada ya vita: nani anaipata, anafanya nini, na kwa nini wengine huondoka kabla ya siku zao.

Marekani ina maabara ngapi za silaha za nyuklia?

Tatu. Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, ilianza 1943. Sandia, yenye makao makuu Albuquerque kwenye jimbo hilohilo, ilikuwa tawi la Los Alamos mpaka ilipojitegemea 1949. Lawrence Livermore ya California ilifunguliwa 1952, kwa makusudi kabisa, ili Los Alamos ipate mshindani. Wizara ya Nishati ina maabara za taifa 17 kwa jumla, lakini nyingine zote kazi yake kuu si kusanifu silaha.

Los Alamos na Livermore husanifu sehemu ya nyuklia yenyewe. Sandia hushughulikia karibu kila kitu kinachobaki: betri, vifyatuzi, kufuli za kielektroniki, miavuli ya mabomu. Kila silaha ina maabara inayoiwajibikia tangu inapozaliwa hadi inapovunjwavunjwa. Silaha ziitwazo B61, W76, W78 na W88 ni za Los Alamos. B83, W80 na W87 ni za Livermore. Mgawanyo huo uweke akilini, maana ndio unaoamua mkurugenzi gani ataulizwa kitu kikiharibika.

Kwa hiyo mkurugenzi ni mtumishi wa serikali?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Ardhi, majengo, mitambo na plutoni yenyewe (chuma cha mionzi kinacholipuka ndani ya bomu) ni mali ya serikali, lakini uendeshaji umekabidhiwa mkandarasi. Kuanzia 1943 hadi 2006 mkandarasi wa Los Alamos alikuwa Chuo Kikuu cha California. Kisha ikaja kampuni ya ubia iliyoitwa Los Alamos National Security, na tangu 1 Novemba 2018 ni Triad National Security, inayoundwa na Battelle, Chuo Kikuu cha Texas A&M na Chuo Kikuu cha California.

Mkurugenzi huvaa kofia mbili: ni mkurugenzi wa maabara na wakati huohuo ni rais wa kampuni yenye mkataba. Mshahara wake unatoka kwa mkandarasi. Mteja wake ni NNSA, idara ya usalama wa nyuklia iliyoanza kazi mwaka 2000 ndani ya Wizara ya Nishati, na idara hiyo ina ofisi yake ya usimamizi hapohapo Los Alamos.

Mpango huu una asili yake. Mwanzoni jeshi lilitaka kuwavisha wanasayansi sare na kuwapa vyeo. Wanafizikia waliokuwa wakishawishiwa kwenda, akiwamo Isidor Rabi na Robert Bacher, walikataa katakata: huwezi kumbishia mwenzako hesabu zake ikiwa bega lake lina nyota nyingi kuliko lako. Chuo kikuu kikawekwa katikati. Vita viliisha, mpango ukabaki.

Anachaguliwaje?

Kuna njia mbili, kutegemea wakati.

Mkataba unapofikia mwisho, serikali hutangaza zabuni. Kila mwombaji lazima ataje katika maombi yake majina ya viongozi wakuu atakaowaleta, na jina la kwanza ni la mkurugenzi. Kwa maneno mengine, mtu huyo anashindana kama sehemu ya zabuni. Kampuni yake ikishinda, ameshinda. Ikishindwa, anarudi alikotoka. Hivyo ndivyo Thom Mason alivyoingia 2018.

Nafasi ikiwa wazi katikati ya mkataba, bodi ya kampuni huunda kamati ya kutafuta mtu, huhoji, kisha hupeleka jina kwa serikali. Bila ridhaa ya serikali hakuna uteuzi. Seneti haimthibitishi, tofauti na mkuu wa NNSA ambaye lazima apite huko.

Lazima awe amesomea nini?

Hakuna kifungu cha sheria kinachosema awe na shahada ya uzamivu ya fizikia, lakini ukitazama orodha utaona karibu wote wanayo hiyo au ya fani jirani. Norris Bradbury: fizikia, Berkeley, 1932. Harold Agnew: fizikia, Chicago, 1949, chini ya Enrico Fermi. Siegfried Hecker: metalojia, yaani elimu ya vyuma, Case, 1968. Charles McMillan: fizikia, MIT. Terry Wallace: jiofizikia, fani ya mitetemo ya ardhi, ambayo ndiyo inayotumika kutambua milipuko ya majaribio ya nchi nyingine.

Njia ya kawaida, kwa anayekulia ndani, ni hii. Unaingia kama mtafiti baada ya uzamivu kwa miaka miwili au mitatu. Ukionekana unafaa unaajiriwa kuwa mwanasayansi wa kudumu. Baadaye unaongoza kikundi, halafu divisheni yenye mamia ya watu, kisha unakuwa mkurugenzi msaidizi mwenye dhamana ya silaha au sayansi. Hesabu miaka 20 hadi 30.

Hecker alifika Los Alamos mara ya kwanza 1965 kama mwanafunzi wa likizo, akaenda kufanya utafiti General Motors, akarudi 1973, na akawa mkurugenzi 1986. McMillan alianza Livermore 1983 na hakuhamia Los Alamos mpaka 2006. Miaka mitano baadaye akawa mkurugenzi. Mason ni tofauti: mzaliwa wa Kanada, mtaalamu wa kutawanya nyutroni, aliyewahi kuongoza maabara ya Oak Ridge kwa miaka kumi. Uteuzi wake ulisema jambo moja waziwazi: baada ya ajali za miaka iliyotangulia, serikali ilitaka mtu anayejua kuendesha taasisi kubwa bila kuvunja vyombo, hata kama hajawahi kusanifu bomu.

Agnew anastahili aya yake. Desemba 1942 alikuwapo Chicago tanuri la kwanza la nyuklia lilipowaka. Agosti 1945 alikuwa kwenye ndege ya vipimo juu ya Hiroshima. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa seneta wa jimbo la New Mexico huku akifanya kazi maabara. Mwaka 1960 alizuru vituo vya NATO Ulaya pamoja na wabunge na kukuta ndege za nchi washirika zimeegeshwa tayari, zimebeba mabomu ya Marekani, na mlinzi ni askari kijana wa Kimarekani mwenye bunduki. Askari huyo angefanya nini mtu akiamua kuruka na ndege? Kutokana na ziara ile wahandisi walisukumwa kutengeneza kufuli za kielektroniki zinazozuia bomu kufanya kazi bila namba maalumu, na Juni 1962 Rais Kennedy akaamuru ziwekwe kwenye silaha za Ulaya. Agnew akawa mkurugenzi 1970 hadi 1979.

Uraia je?

Kibali cha usalama cha ngazi ya Q, kinachoruhusu kuona siri za usanifu wa silaha, hutolewa kwa raia wa Marekani tu. Si lazima uwe umezaliwa huko. Hecker alizaliwa Poland 1943, akakulia Austria, akaingia Marekani 1956. Mason naye alichukua uraia.

Uchunguzi unaanza na fomu ndefu: ulipoishi, safari za nje, madeni, ndugu walio nje ya nchi, dawa za kulevya, marafiki wa kigeni. Wachunguzi huwahoji majirani na waajiri wa zamani. Kinachowaangusha waombaji mara nyingi si kuwa na deni au ndugu ng'ambo bali kuficha. Kosa ulilolitaja linaweza kusameheka. Lililogunduliwa wakati ulilinyamazia halisameheki kirahisi.

Siku hadi siku anafanya nini?

Hasanifu. Anaongoza zaidi ya watu 15,000 kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 100, juu ya uwanda wa milima wenye mwinuko wa mita 2,200 hivi, kwa bajeti ya karibu dola bilioni 5 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya muda wake inakwenda kwenye mambo manne: fedha na safari za Washington, usalama wa kazi, uzalishaji wa vipande vya plutoni, na kubakiza watu, kwa sababu mtaalamu wa plutoni hapatikani kwa tangazo la gazeti.

Uzalishaji ndio unaokula akili siku hizi. Kiwanda cha Rocky Flats, Colorado, kilichokuwa kikitengeneza tufe za plutoni, yaani viini vya silaha, kilivamiwa na makachero wa FBI Juni 1989 kwa makosa ya mazingira, na uzalishaji ukasimama mwaka huohuo. Kazi ikaangukia jengo moja la Los Alamos, PF-4, lililofunguliwa 1978 kwa ajili ya utafiti. Lengo lililowekwa ni tufe 30 kwa mwaka Los Alamos na 50 Savannah River, South Carolina. Tufe la kwanza la kiwango cha kuingia ghalani, la silaha ya W87-1, lilipigwa muhuri Oktoba 2024. Tazama hapo: silaha ni ya Livermore, tufe ni la Los Alamos.

Hiyo barua ya kila mwaka inayotajwa sana ni ipi?

Ndiyo moyo wa kazi hii. Ukimwondolea mkurugenzi mikutano na ziara zote, kitakachobaki ni saini kwenye barua.

Marekani ilifanya majaribio ya nyuklia 1,054. La mwisho, lililoitwa Divider, lilikuwa 23 Septemba 1992 jangwani Nevada. Kabla ya hapo, mwenye shaka juu ya silaha aliweza kuichimbia shimo na kuilipua. Baada ya hapo ilibidi mtu aeleze anavyojua kuwa silaha bado ni nzima bila kuilipua. Mwaka 1995 Rais Clinton aliagiza kuwe na tathmini kila mwaka, na sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2003 ikaifanya kuwa lazima.

Utaratibu wake ni huu. Mwaka mzima wasanifu wa kila aina ya silaha hukusanya matokeo ya ukaguzi na hesabu. Los Alamos na Livermore hutazamana: kila moja inapitia silaha za mwenzake. Timu nyingine, ambayo haikuhusika na kazi hiyo, hupewa jukumu la kutafuta kasoro tu. Kisha wakurugenzi watatu, kila mmoja kwa barua yake, huwaandikia Waziri wa Nishati, Waziri wa Ulinzi na baraza linalosimamia silaha za nyuklia. Kamanda wa kamandi ya kimkakati ya jeshi naye huandika yake. Mambo ya kujibiwa ni matatu: silaha ni salama? Itafanya kazi kama ilivyokusudiwa? Upo ulazima wa kurudi kwenye majaribio ya chini ya ardhi?

Mawaziri huziwasilisha kwa rais kabla ya 1 Februari, na rais huzipeleka Bungeni kufikia 15 Machi. Njiani hakuna anayeruhusiwa kubadili neno. Waziri asiyependa kilichoandikwa anaweza kuongeza maoni yake pembeni, basi. Ndiyo maana hoja ya nani anamlipa mkurugenzi ina uzito: mtu ambaye mkataba wa kampuni yake unahojiwa kila mwaka na wizara ndiye huyohuyo anayetakiwa kuiambia wizara hiyo habari mbaya. Kwa maoni yetu, kifungu cha kutobadili neno kinamlinda kuliko kipengele chochote cha mkataba wake wa ajira.

Bila majaribio anajuaje?

Kwa vyanzo vingi vinavyokaguana. Kila mwaka silaha kadhaa za kila aina hutolewa ghalani, hupelekwa kiwanda cha Pantex karibu na Amarillo, Texas, na kufunguliwa. Watu hutafuta kutu, nyufa, plastiki iliyokauka, gundi iliyoachia. Sehemu zisizo za nyuklia hujaribiwa kwa kurushwa kweli.

Kwa upande wa nyuklia, Los Alamos ina mtambo wa DARHT, unaopiga picha za eksirei za kifaa cha mfano kisicho na uwezo wa mlipuko wa nyuklia, kikigandamizwa kwa baruti. Nevada, karibu mita 300 chini ya ardhi, hufanyika majaribio yanayotumia plutoni kidogo kiasi kwamba mfululizo wa kupasuka kwa atomi hauwezi kujiendesha. Livermore ina leza 192 za mtambo uitwao NIF; tarehe 5 Desemba 2022 zilimwaga megajuli 2.05 kwenye kidonge cha haidrojeni na kupata 3.15. Yote hayo hulisha programu za kompyuta kubwa, ambazo hupimwa kwanza kwa kuulizwa matokeo ya majaribio ya zamani yanayojulikana.

Swali gumu ni kuzeeka kwa plutoni. Plutoni hujipiga yenyewe kutoka ndani: kila atomi inayooza hurusha chembe inayovuruga mpangilio wa majirani na kuacha gesi ya heli ndani ya chuma. Mwaka 2006 jopo la washauri wa kisayansi la JASON lilipitia kazi ya maabara na kukubali kwamba tufe za aina nyingi zina umri wa angalau miaka 100. Hilo lilipunguza joto la mjadala kwa muda, halikuumaliza.

Ni nini humfanya mkurugenzi amwage unga?

Si fizikia. Katika kumbukumbu zote za Los Alamos tangu miaka ya 1990, kilichowatikisa wakurugenzi ni karatasi, vitu vidogo na taratibu.

Mwaka 2000, wakati moto wa msitu wa Cerro Grande unakaribia maabara, iligundulika kuwa diski mbili za kompyuta zenye siri za silaha hazipo. Zilikuja kuonekana nyuma ya mashine ya kutoa nakala. Mkurugenzi wa wakati huo, John Browne, alinusurika, lakini tuhuma za ubadhirifu kwenye manunuzi zilimwondoa mwanzoni mwa 2003.

Akaja Pete Nanos, admirali mstaafu mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia. Julai 2004 diski mbili za siri zilionekana kukosekana kwenye hesabu, na siku zilezile mwanafunzi aliumizwa jicho na leza. Nanos alisimamisha karibu kazi zote za maabara. Shughuli hazikurudi kikamilifu kwa miezi. Uchunguzi ulipokamilika jibu lilikuwa hili: diski hazikuwahi kuwapo. Vibandiko vya namba vilitengenezwa na kuandikwa daftarini kabla ya diski, na diski hazikutengenezwa. Gharama ya kusimamisha ilikadiriwa kati ya dola milioni 119 na 370, kutegemea nani anapiga hesabu. Nanos aliondoka Mei 2005, na mwaka uliofuata chuo kikuu kikapoteza mkataba wake wa peke yake.

Mfano wa pili ni wa Agosti 2011, ndani ya PF-4. Mafundi waliojivunia kazi yao walipanga fito nane za plutoni bega kwa bega kwenye kasha la glavu, yaani kasha lililofungwa lenye glavu za kuingizia mikono, ili wazipige picha. Kanuni inakataza, na sababu yake ni ya kimaumbile: vipande vya plutoni vinaporushiana nyutroni, umbali kati yao ndio breki. Ukivisogeza karibu, nyutroni nyingi zaidi zinakamatwa badala ya kupotea. Hata mkono wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji, hurudisha nyutroni ndani. Kosa la pili lilifuata la kwanza: badala ya kutoa watu wote nje kwanza, fito zilitenganishwa kwa mikono. Hakuna aliyedhurika. Lakini wahandisi wa fani hiyo ya usalama, ambao walikuwa wakilalamika kuwa hawasikilizwi, waliondoka karibu wote, na Juni 2013 McMillan alilazimika kusimamisha kazi muhimu za jengo. Kuzirudisha zote kulichukua miaka.

Wa tatu ndio tunaopenda kuwafundishia vijana. Chumvi za naitreti zilizobaki kutokana na kusafisha plutoni zilitakiwa kuchanganywa na kitu cha kufyonza unyevu kabla ya kuwekwa kwenye mapipa. Kinachofaa ni mchanga wa choo cha paka wa aina ya udongo, kwa sababu udongo hauungui. Kwenye maelekezo ya kazi, neno lililokusudiwa kusema si wa mimea likaandikwa kuwa wa mimea, na mafundi, kwa utii kabisa, wakanunua mchanga uliotengenezwa kwa ngano. Naitreti hutoa oksijeni. Ngano ni kuni. Tarehe 14 Februari 2014 pipa namba 68660 lilipasuka kwenye ghala la taka la WIPP, mita 655 chini ya ardhi karibu na Carlsbad, na kusambaza plutoni na amerisi, elementi nyingine ya mionzi. WIPP ilifungwa karibu miaka mitatu. Wizara ilikubali kugharimia miradi ya zaidi ya dola milioni 70 kwa jimbo la New Mexico. Kampuni iliyoendesha maabara ilipata takriban sehemu moja ya kumi ya ada iliyokuwa ikiitarajia mwaka huo, na mkataba wake haukuongezwa ulipokwisha.

Mkurugenzi hakugusa pipa lile wala hakusoma maelekezo yale. Lawama ni yake hata hivyo.

Kuna aliyedumu?

Bradbury. Oktoba 1945, wakati wanasayansi wanafungasha kurudi vyuoni, alikubali kushika kwa miezi sita. Majira ya baridi yaliyofuata bomba kuu la maji liliganda na maji yakawa yanapandishwa mlimani kwa malori. Mei 1946 Louis Slotin, akisogeza kwa bisibisi vipande vilivyozunguka tufe la plutoni, aliteleza mkono, akapigwa na mionzi na kufa siku tisa baadaye. Tangu hapo majaribio ya namna hiyo hufanywa kwa mitambo, watu wakiwa mbali. Bradbury aliondoka 1970, baada ya miaka 25.

Wanafanya nini wakishastaafu?

Harold Brown wa Livermore alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi, 1977 hadi 1981. Agnew aliongoza kampuni ya General Atomics. Ila safari ya Hecker ndiyo yenye mengi.

Aliianza akiwa bado mkurugenzi. Februari 1992, wiki chache baada ya Muungano wa Kisovyeti kusambaratika, alipokewa Sarov na Snezhinsk, miji ya silaha ya Urusi ambayo haikuwa hata kwenye ramani. Hofu ilikuwa kwamba wataalamu wasiolipwa wangeuza maarifa au madini. Haikuwa hofu ya kubuni: Oktoba 1996 mkurugenzi wa maabara ya Snezhinsk, Vladimir Nechai, alijiua, taasisi yake ilikuwa imekaa miezi bila fedha za mishahara. Ushirikiano wa maabara kwa maabara ulileta uzio, mizani, kamera na vihisi vya plutoni kwenye vituo vya Urusi, na baadaye Wamarekani, Warusi na Wakazakhi wakafukia mabaki ya plutoni kwenye mahandaki ya mlima Degelen, Kazakhstan.

Hecker aliacha ukurugenzi 1997. Januari 2004, kwenye kituo cha nyuklia cha Yongbyon, Korea Kaskazini, wenyeji wake walimletea boksi la chuma lenye boksi la mbao ndani, na humo mitungi miwili ya glasi. Mmoja ulikuwa na kipande walichosema ni gramu 200 za plutoni. Aliomba aushike. Alikuwa anapima vitu viwili kwa kiganja: uzito, kwa kuwa plutoni ni nzito kuliko madini ya risasi, na joto, kwa kuwa plutoni hujipasha. Ulikuwa mzito na wenye uvuguvugu. Alipohojiwa na Seneti baadaye mwezi huo alisema dalili zinalingana na plutoni lakini hawezi kuthibitisha bila vipimo. Novemba 2010 alionyeshwa hapohapo ukumbi wa mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, takriban 2,000 za kurutubisha urani.

Mshahara ni kiasi gani?

Mkubwa kuliko wa waziri, kwa sababu si wa ngazi za serikali. Lakini sheria ya mwishoni mwa 2013 iliweka kikomo cha dola 487,000 kwa mwaka, kinachopandishwa kufuata gharama za maisha, kuwa kiwango cha juu ambacho serikali itamrudishia mkandarasi kwa mfanyakazi mmoja. Kinachozidi hapo kampuni inakitoa kwenye ada yake.

Kuna wanawake waliowahi kushika nafasi hii?

Jill Hruby aliongoza Sandia kuanzia 2015, wa kwanza katika maabara hizi tatu, na 2021 akawa mkuu wa NNSA. Kimberly Budil anaongoza Livermore tangu 2021. Los Alamos bado.

Afrika Mashariki na Kongo zinaingiaje humu?

Mapema kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi ya leo, katika eneo ambalo Kiswahili ndicho lugha ya mgodini na sokoni. Madini yake yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, utajiri usio na mfano. Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alikuwa ameshahamishia zaidi ya tani 1,200 New York, kisiwani Staten Island, tangu 1940, kabla Los Alamos haijazaliwa. Wachimbaji hawakuambiwa madini yanakwenda wapi.

Leo uhusiano ni wa kusikiliza. Mtandao wa kimataifa wa kutambua majaribio ya nyuklia una kituo cha mitetemo Kilimambogo, Kenya, kituo cha mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio Nairobi, na kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani Dar es Salaam. Mkurugenzi akiandika kwamba majaribio yarudi na rais akakubali, mtandao wenye vituo hivyo ndio utakaosikiliza. Marekani ilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio Septemba 1996, lakini Seneti iliukataa Oktoba 1999 kwa kura 51 dhidi ya 48, baada ya kuwasikiliza, miongoni mwa wengine, wakurugenzi wa maabara hizi. Afrika nayo ina Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulianza kazi 15 Julai 2009, Burundi ilipokamilisha idadi ya nchi 28.

Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anaweza kufika huko?

Kwenye kiti cha mkurugenzi, si bila uraia wa Marekani. Kwenye maabara, inawezekana: Los Alamos huchukua watafiti wa kigeni, hasa wenye shahada ya uzamivu, kwenye sayansi isiyo ya siri, kama vile hali ya hewa, vijidudu, kompyuta na sayansi ya vifaa. Soma tangazo kwa makini. Likitaja kibali cha Q, usipoteze muda wako. Lisipokitaja, uliza mapema kama nafasi iko wazi kwa wasio raia, kwa kuwa uhakiki wa mgeni huweza kuchukua miezi.

Kwa anayevutiwa na upande wa udhibiti kuna njia fupi zaidi. Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki na shirika la CTBTO linaloshughulikia mkataba wa kupiga marufuku majaribio, yote ya Vienna, huajiri wakaguzi na wachambuzi kutoka nchi wanachama. Fizikia ya nyuklia, kemia ya vipimo na uchambuzi wa mitetemo ndizo fani zinazotafutwa. Nyumbani anzia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iliyoko Arusha, au mamlaka ya udhibiti wa nyuklia ya Kenya jijini Nairobi. Jifunze kupima mionzi ya gama kwa mikono yako mwenyewe kabla ya kuomba, maana kwenye usaili utawekewa grafu mbele na kuulizwa kilele kile ni cha nini.